Usikisukume kwa Tonge

Akina mama wenzetu, mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya vitu vinavyomezwa kwa bahati mbaya: sarafu, mwiba wa samaki, kipande cha mfupa wa ng'ombe, pini, kifungo cha shati, punje ya hindi, betri ya saa, jino la bandia. Ni vitu vya nyumbani kabisa, vya jikoni, vya kabatini na vya kwenye pochi, na pengine ndiyo sababu tunavidharau. Mtoto akipata homa usiku, nyumba nzima haipati usingizi. Mtoto huyo huyo akimeza sarafu, tunacheka kidogo na kusema, "Itatoka tu."

Na mara nyingi, kusema kweli, hutoka. Katika vitu vinavyofika tumboni, madaktari hukadiria kwamba 8 hadi 9 kati ya kila 10 hupita vyenyewe na kutoka chooni. Habari hiyo njema tunaitoa mapema ili asiwepo mama wa kuhangaika bure. Lakini wako wachache ambao mambo hayawaendei hivyo, na hao ndio sisi wauguzi tunaowakuta wodini. Katika kuwahudumia tumejifunza jambo moja ambalo tungependa kila nyumba ilijue, kuanzia Pasua na Majengo hapa mjini Moshi hadi Rombo, Marangu, Kibosho na Machame kule juu. Mara nyingi si kitu chenyewe kinachomfikisha mgonjwa pabaya. Ni kile kilichofanywa nyumbani ili kukiondoa, pamoja na saa zilizopotea kabla ya kushuka hospitalini.

NJIA MBILI SHINGONI

Shingoni mwetu mna njia mbili. Ya mbele ni bomba la hewa, liendalo mapafuni. Ya nyuma ni umio, unaopeleka chakula tumboni. Juu ya bomba la hewa pana kifuniko kidogo kinachofunga kila tunapomeza. Mtoto anayecheka, kulia au kukimbia huku ana karanga mdomoni huvuta pumzi ghafla wakati kifuniko kiko wazi, na karanga hupita njia isiyo yake.

Umio nao hauna upana mmoja toka juu hadi chini. Una sehemu nyembamba tatu: ya kwanza mwanzoni kabisa chini ya koo, ya pili katikati ya kifua mahali unapopakana na mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, na ya tatu chini karibu na kuingia tumboni. Kitu kikikwama, kwa kawaida hukwama katika mojawapo ya hizo, na zaidi ile ya kwanza. Tunamwomba msomaji aikumbuke ile ya pili iliyo jirani na mshipa mkuu, maana tutairudia.

Mwaka 2011 madaktari Japhet Gilyoma na Phillipo Chalya wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha taarifa ya wagonjwa 98 waliokwamwa na vitu katika njia hizi mbili. Wengi wao walikuwa watoto wa miaka 2 au chini ya hapo. Kwenye umio sarafu ndiyo iliyoongoza. Kwenye njia ya hewa iliongoza karanga. Karibu 9 kati ya kila 10 walitolewa kitu hicho bila madhara mengine, lakini wachache walifariki. Mwanza ni mbali na sisi, ila orodha ya vitu vile ingeweza kuandikwa hapa hapa Moshi.

MWIBA WA PEREGE

Samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu wameilisha Moshi miaka mingi. Perege ni mtamu, lakini ana miiba. Mtu akikwamwa mezani, ushauri wa kwanza ni ule ule: "Meza tonge kubwa, usitafune." Asipopata nafuu anaongezewa tonge la pili, kisha ndizi mbivu nzima, kisha wali mkavu au kipande cha mkate.

Kwa nini ushauri huu umedumu tangu enzi za bibi zetu? Kwa sababu mara nyingi unaonekana kufaulu. Miiba mingi midogo haikwami hata kidogo. Hukwaruza koo na kupita, na ule mkwaruzo huuma kwa siku moja au mbili kana kwamba mwiba bado upo. Hapo tonge hupewa sifa kwa kazi ambayo halikuifanya.

Ila pale mwiba ulipochoma kweli, tonge hufanya kazi ya nyundo. Mwiba uliokuwa umesimama juu juu kooni, mahali ambapo daktari angeuona kwa taa na kuutoa kwa koleo ndogo kwa dakika chache, husukumwa ndani ya nyama au huteremshwa hadi kwenye umio, ambako hauonekani tena kwa macho. Tumemhudumia bibi mmoja aliyekula matonge siku tatu mfululizo, kwa kushauriwa na kila jirani aliyepita kumjulia hali. Siku ya nne shingo ilikuwa imevimba, ana homa, hawezi kumeza hata mate yake. Mwiba ulikuwa umetoboa umio, na usaha umekusanyika shingoni. Alipona, lakini baada ya kupasuliwa na kulishwa majuma kadhaa kwa mpira wa puani. Mwiba wenyewe ulikuwa mfupi kuliko njiti ya kiberiti.

Siki na limau nazo hazisaidii. Ili limau lilainishe mwiba lingepaswa kukaa juu yake muda mrefu, na kooni linapita mara moja tu. Kidole usikitie kooni mwa mgonjwa, wala usimtapishe. Kitu chenye ncha kikirudishwa kwa nguvu hukata mara ya pili.

Jambo jingine: picha ya eksirei haioni kila kitu. Sarafu na pini huonekana vizuri. Miiba mingi ya samaki, vipande vya plastiki, vijiti, karanga na maharage aghalabu havionekani. Kwa hiyo ukiambiwa picha ni safi na mgonjwa bado anaumia akimeza, usikubali kuondoka kimya kimya. Sema, "Daktari, maumivu bado yapo, tena ni mahali pale pale."

MTORI WA MZAZI

Hapa mlimani mama akijifungua hupewa mtori. Ni ndizi na nyama, mara nyingi nyama ya mifupa, kwa kuwa mfupa ndio unaoleta ladha. Sasa tazama jinsi unavyotengenezwa. Mwenye bucha anapokata kwa shoka, mfupa hupasuka na kutoa vipande vyembamba vyenye ncha kama sindano. Vipande hivyo huingia sufuriani pamoja na nyama. Kisha ndizi hupondwa hadi ziwe laini, na mzazi huunywa kama uji, bakuli mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Hatafuni. Tena amechoka, macho yako kwa mtoto. Kipande cha mfupa kilichojificha ndani ya ndizi hushuka bila yeye kujua mpaka kimchome.

Je, tunasema mtori uachwe? La hasha! Sisi wenyewe tumelelewa nao na tumeunywa kila tulipojifungua. Tunachosema ni kwamba nyama itolewe kwanza, mifupa yote ichambuliwe kwa mkono, na supu ichujwe kwa chujio la chai kabla ya kurudishiwa ndizi. Bucha zenye msumeno wa umeme hukata mfupa bila kuupasua sana. Kama yako inatumia shoka, osha nyama kwa maji mengi na uipapase kipande kwa kipande. Yako akina mama wakwe wanaosema mtori uliochujwa hauna nguvu. Kwa heshima zote, mama, nguvu iko kwenye supu na nyama. Vile vipande havina kitu.

Mtu aliyemeza mfupa kisha akapata maumivu ya kifua au ya mgongoni kati ya mabega, homa, au shingo iliyovimba, asingoje kupambazuke. Wakati mwingine ngozi ya shingo ikibonyezwa hutoa mlio kama wa kukanyaga majani makavu. Hiyo ni hewa iliyotoka nje ya umio uliotoboka, na usaha huweza kufuata hadi kifuani, karibu na moyo.

SARAFU YA SADAKA

Jumapili asubuhi tunampa mtoto wa miaka miwili sarafu aishike, aipeleke mwenyewe mbele. Ni malezi mazuri na hatuyapingi. Lakini ibada ni ndefu, sadaka iko mbali, mkono huchoka, na sarafu huishia mdomoni. Mtoto akikatazwa ghafla kwa sauti kali anashtuka, na akishtuka anameza. Katika usharika mmoja tunaousaidia, walimu wa shule ya Jumapili sasa hukaa na sarafu za wadogo hadi dakika ya kutoa. Sarafu ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, ni kubwa kwa koo la mtoto mdogo, lakini hata zile ndogo zaidi hukwama.

Mtoto aliyekwamwa na sarafu hutokwa na udenda kuliko kawaida, hukataa chakula kigumu, hutapika alichokula punde, au hulia anapomeza. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote siku ya kwanza. Tumewahi kupokea mtoto aliyekuwa akikubali uji na maziwa tu kwa karibu majuma matatu. Ndizi alikuwa akiitema. Nyumbani walisema anadeka kwa sababu amepata mdogo wake. Sarafu ilikuwa imekaa sehemu ile ya kwanza muda wote huo na imeanza kula ukuta wa umio.

Mtoto anayesemekana kumeza sarafu apigwe picha, hata kama anacheza. Ikionekana imeshafika tumboni, kwa kawaida mtarudi nyumbani, atakula kama siku zote, na mama ataangalia choo chake. Dawa ya kuharisha usimpe. Akiumwa tumbo, akitapika, au siku zikizidi kupita sarafu haijaonekana, mrudishe.

Tena tunaomba asichapwe. Aliyechapwa kwa kumeza sarafu, siku akimeza kitu kibaya zaidi hatasema.

KIKOHOZI KISICHOSIKIA DAWA

Karanga, maharage, punje za mahindi na mbegu za matunda zikiingia njia ya hewa huleta hatari ya aina mbili. Ya kwanza ni ya papo hapo. Mtoto anayekohoa kwa nguvu na kutoa sauti, mwache akohoe. Kikohozi chake ni bora kuliko mkono wako. Usimpe maji. Lakini akishindwa kukohoa, hana sauti, midomo inageuka rangi, hapo hakuna muda wa kuita gari. Mtoto chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, umpige kati ya mabega mara 5 kwa kitako cha kiganja. Isipotoka mgeuze, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia. Aliyezidi mwaka mmoja, na mtu mzima pia, mwinamishe umpige mgongoni mara 5. Kisha simama nyuma yake, weka ngumi juu ya kitovu, uishike kwa mkono wa pili na kuvuta ndani na juu kwa ghafla mara 5. Njia hii ya tumbo ilitangazwa na daktari Mmarekani Henry Heimlich mwaka 1974. Mjamzito habanwi tumbo, mbane kifua. Akizimia, mlaze chini chali, anza kubonyeza kifua na piga kelele upate msaada. Toa mdomoni kile tu unachokiona kwa macho.

Hatari ya pili ni ya polepole, nayo ndiyo inayotudanganya. Mtoto anapaliwa, anakohoa sana kwa dakika chache, kisha anatulia. Nyumba nzima inashukuru, mambo yanasahaulika. Kumbe karanga imeteremka hadi pafu la upande mmoja. Baada ya siku kadhaa kikohozi kinarudi, na homa. Anapewa dawa za kichomi, anapata nafuu, kinarudi tena. Anaitwa mwenye pumu. Mwisho jirani anasema ni kimeo, apelekwe kwa fundi akakatwe.

Kuhusu kukata kimeo tuna msimamo, wala hatuufichi: hakijawahi kumponya mtoto mwenye karanga pafuni. Kinamwongezea kidonda, damu kumwagika, na wembe usiojulikana umetoka wapi. Ikiwa mtoto wako ana kikohozi kisichosikia dawa, keti chini ukumbuke: je, kabla ya kikohozi hicho aliwahi kupaliwa, hata kama ni miezi miwili iliyopita? Mwambie daktari neno hilo hata asipouliza. Pengine ndilo litakalomfanya asikilize mapafu yote mawili na kuona kwamba moja halipitishi hewa kama jingine.

Kwa hayo yote, mtoto chini ya miaka minne au mitano hafai kupewa karanga nzima. Zisage. Na wakati wa kupukuchua maharage, wadogo wasiachwe wakae kwenye turubai peke yao.

BETRI SI SARAFU

Hapa tunaomba pasomwe mara mbili. Tulipokuwa wasichana, betri tulizozijua ni zile kubwa za tochi na redio, ambazo hakuna mtoto angeweza kuzimeza. Siku hizi nyumba zimejaa betri bapa, zile tunazoziita betri za saa. Ziko kwenye rimoti bapa ya sabufa, kwenye mizani, kwenye funguo za gari, kwenye kadi zinazoimba, kwenye vitu vya kuchezea vinavyowaka taa. Hatari kuliko zote ni zile za lithiamu zenye upana wa milimita 20, yaani karibu sawa na sarafu, kwa kuwa ni pana vya kutosha kukwama na zina nguvu ya volti 3.

Betri hiyo haidhuru kwa sababu imepasuka na kuvuja. Inadhuru ikiwa nzima. Ikikaa kwenye umio uliolowa mate, umeme hupita katika nyama na kutengeneza magadi makali upande wa kutokea umeme hasi, makali kama yale ya kutengenezea sabuni. Nyama huanza kuungua mara moja, na ndani ya saa 2 jeraha laweza kuwa baya sana. Hata betri iliyokwisha, ambayo haiwashi tena rimoti, bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Ikikwama katika ile sehemu ya pili tuliyoomba ikumbukwe, inaweza kuunguza ukuta hadi kwenye mshipa mkuu wa damu.

Huko Marekani, mtoto wa kike aitwaye Reese, wa jimbo la Texas, alifariki Desemba 2020 akiwa na miezi 18 baada ya kumeza betri ya rimoti. Mama yake alipigania jambo hilo hadi mwaka 2022 ikapitishwa sheria yenye jina la mtoto huyo, inayotaka vifuniko vya betri hizi vifungwe kwa namna ambayo mtoto hawezi kuvifungua. Kwetu, wakati wa kununua kitu cha kuchezea sokoni Mbuyuni au Kiborloni, geuza uangalie nyuma. Kifuniko kisichofungwa kwa skrubu kiache hapo hapo mezani kwa muuzaji. Sisi tunauhofia zaidi mwezi wa Desemba, watu wanapopanda nyumbani kwa Krismasi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Zawadi ni nyingi, watoto ni wengi, na kila mtu mzima anadhani mwenzake ndiye anayewaangalia.

Kama hakuna mtu mzima aliyeona kwa hakika kwamba kilichomezwa ni sarafu, kichukulieni kuwa ni betri mpaka eksirei iseme vinginevyo. Kwenye picha, betri huonyesha duara ndani ya duara.

Kuna neno pia juu ya dada wa kazi. Mara nyingi yeye ndiye aliyekuwepo. Ameona rimoti imefunguka na betri haipo, lakini anaogopa kufukuzwa, basi ananyamaza hadi mama arudi jioni, pengine hadi kesho. Saa mbili zimeshapita mara nyingi. Mwambie leo, kabla halijatokea, tena mbele ya baba mwenye nyumba: akisema mara moja, hatafukuzwa wala kukatwa mshahara. Kisha mtimizie.

Kwa betri, na kwa betri tu, kuna kitu kimoja cha kufanya njiani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2018 ulionyesha kwamba asali hupunguza makali ya magadi yale. Mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, na ambaye hazijapita saa 12 tangu ameze, apewe vijiko 2 vidogo vya asali kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6. Aliye chini ya mwaka mmoja asipewe, kwa kuwa asali yaweza kumletea ugonjwa mwingine wa hatari. Asali haitoi betri, wala haiponyi. Ukiwa huna, usipite kuitafuta.

Sumaku ndogo za kuchezea nazo zina hila yake. Moja hupita. Mbili zikimezwa kwa nyakati mbalimbali hutafutana ndani ya utumbo na kuubana katikati yao mpaka utoboke.

SAFARI YA KUSHUKA

Mlimani tuna hospitali zinazojulikana: Kilema, Kibosho, Machame, Marangu, na Huruma kule Rombo. Mjini iko Mawenzi, na juu yake hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambako wapo madaktari wa masikio, pua na koo. Nenda iliyo karibu inayoweza kupiga eksirei, na kama betri inashukiwa waambie hivyo mlangoni, usipange foleni kimya. Duka la dawa halina cha kukusaidia katika jambo hili. Mgonjwa asile wala asinywe kitu, maana huenda akapewa dawa ya usingizi, na tumbo lililojaa ni hatari wakati huo. Hapo ndipo tonge linapoleta hasara ya pili: limesukuma mfupa, tena limemchelewesha daktari kwa saa kadhaa. Beba mfano wa kitu kilichomezwa, betri nyingine ya rimoti hiyo, au nusu ya jino lililobaki, na ukumbuke saa.

Daktari hupitisha mdomoni chombo chenye taa, akakishika kitu kwa koleo ndefu na kukitoa bila kupasua. Kazi hii iliendelezwa sana na daktari Mmarekani Chevalier Jackson, aliyefariki mwaka 1958. Vitu alivyotoa katika makoo na mapafu ya watu alivihifadhi; viko 2,374 katika makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia, vimepangwa kwenye droo. Humo mna sarafu, mifupa, vifungo na pini kwa wingi. Tukifikiri juu ya pini hizo huwakumbuka mafundi cherehani wetu, wanaozibana midomoni huku wakizungumza na mteja. Dada, nunua kijito cha kuchomekea pini. Sindano iliyomezwa ni ya kutolewa haraka ikiwa ingali tumboni, kabla haijaingia kwenye utumbo.

Wazee nao tusiwasahau. Babu mwenye meno ya bandia yaliyolegea asilale nayo. Nyama ya ndafu harusini akatiwe vipande vidogo, wala isionekane ni kumdhalilisha. Ila mzee ambaye nyama au ndizi humkwama mara kwa mara, bila mfupa wala mwiba, hana tatizo la kutafuna. Umio wake huenda umepungua njia. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoonekana sana Afrika Mashariki, Kilimanjaro ikiwemo, na huanza hivyo hivyo: leo nyama, baada ya miezi ndizi, kisha uji. Apelekwe kupimwa katika hatua ya nyama.

Mtoto aliyetolewa betri akirudi nyumbani bado hajamaliza safari. Jeraha huendelea kuchimba kwa siku nyingi baada ya betri kutoka, na baadaye kovu laweza kubana umio hata akahitaji kupanuliwa mara kadhaa. Mahudhurio yake ya kliniki yasikosekane, hata kama anakula vizuri. Na katika majuma ya mwanzo, akitapika damu hata kijiko kimoja, au choo kikiwa cheusi kama lami, asisubiri siku ya kliniki. Arudishwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na mvua inanyesha.